Tumbo la Taifa

Ipo nchi moja, na jina lake tuliache palepale lilipo, kwa sababu wenyewe hawataki litamkwe mpaka mataifa makubwa mawili yakubaliane namna ya kulitamka. Ni nchi inayoinuka. Hilo wanalitangaza wenyewe redioni kila siku, mara tu baada ya taarifa ya hali ya hewa, nasi hatuna sababu ya kuwabishia.

Nchi inayoinuka huhitaji marafiki, na nchi hiyo ilikuwa nao wawili: Dola la Theluji, lililoko kaskazini ya mbali, na Dola la Ng'ambo, lililoko upande wa pili wa maji. Madola haya yalichukiana kiasi kwamba mabalozi wake hawakuweza kupanda lifti moja. Nchi hiyo iliyapenda yote mawili, tena kwa kipimo. Rais alipompa mkono mjumbe wa Theluji, ofisa mmoja alisimama nyuma yake na saa ya kupimia mbio: sekunde tisa. Akija wa Ng'ambo, tisa vilevile. Siku moja mgeni wa Ng'ambo aling'ang'ania mkono zikafika kumi, na Wizara ya Urafiki na Pande Zote haikukaa kitako mpaka Rais alipopelekwa uwanja wa ndege kumpa mjumbe wa Theluji ile sekunde iliyopungua. Hospitali kuu, iliyojengwa nusu kwa nusu, ilikuwa na milango miwili ya mbele na haikuwa na wa nyuma, maana hakuna aliyekubali kuwa nyuma. Wagonjwa waliuliza kwanza leo ni zamu ya mlango gani, ndipo wakaugua.

Siasa hii iliitwa Siasa ya Katikati. Na mtu aliyeibeba kuliko wote, tena aliibeba kwa tumbo lake, alikuwa Balozi Faraji Ntembo.

Ntembo alikuwa mtu mpole wa miaka hamsini na minane, mwenye suti tatu, aliyewakilisha nchi yake katika Baraza la Mataifa. Kazi hiyo aliipata kwa kuwa hakuwa na adui. Mwaka wa kwanza mambo yalikuwa mepesi. Alipigia kura Mwaka wa Mihogo Duniani, akapigia kura Siku ya Vyura. Kisha madola yale mawili yakagombania mlango fulani wa bahari, kura ikaitishwa, na Wizara ikamletea Ntembo maelekezo ya kurasa arobaini ambayo sentensi yake ya mwisho ilisema: "Kwa hiyo, utatumia busara."

Siku ya kura Ntembo hakuwa na busara yoyote tumboni. Alikuwa na kamba. Alikuwa amewala jana yake kwenye tafrija, wamekwisha kuharibika kidogo, na mwenyekiti alipoanza kuita majina ya nchi, wale kamba wakaitika kabla yake. Akatoka ukumbini mbio, ameshika mkanda. Aliporudi, kura zilikuwa zimeshahesabiwa, na mbele ya jina la nchi yake pameandikwa: "Hayupo."

Akajua kibarua kimeota nyasi. Akaanza kukunja suti zake. Lakini saa sita mchana balozi wa Theluji akampigia simu kumshukuru kwa kutowapinga. Saa saba balozi wa Ng'ambo naye akampigia kumshukuru kwa kutowasaliti. Saa nane akapiga Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Gervas Ng'habi, mtu ambaye hata akiomba chumvi mezani huhutubia.

"Balozi Ntembo," alisema Waziri, "umefanya jambo ambalo maprofesa wetu wamelitafuta miaka ishirini. Si ndiyo, si hapana, wala si kujizuia, maana hata ukijizuia kuna mtu ananuna. Umevumbua kutokuwepo!"

"Mheshimiwa, nilikuwa naumwa tumbo."

"Usilidharau, Balozi. Kuanzia leo tumbo hilo si lako peke yako. Hilo ni tumbo la taifa."

Basi ikaundwa Kurugenzi ya Kutokuwepo, yenye watumishi thelathini. Kwa jinsi kazi yao ilivyo hawakuonekana ofisini, na hakuna aliyeweza kuwalaumu. Kurugenzi ikatoa mwongozo. Mjumbe ainuke zikiwa zimebaki nchi tatu kabla ya yake kuitwa, asionekane ameshtuka. Ajishike tumbo kwa mikono yote miwili, maana mkono wa kulia pekee ungeonyesha kuegemea upande mmoja, na wa kushoto vivyo hivyo. Ntembo akapelekewa vyeti vya daktari mia mbili, vimegongwa muhuri, nafasi ya tarehe imeachwa wazi.

Kwa miaka sita Ntembo aliugua mara thelathini na moja. Mwanzoni aliona haya. Alikaa chooni juu ya kifuniko kilichofungwa, suti imenyooka, akisoma maandishi ya kiwandani kwenye bomba mpaka akayajua kwa moyo. Baadaye haya zikapungua, kama viatu vipya vinavyoacha kubana. Rais akamvisha nishani. Alipokuwa likizo nyumbani watu walimwamkia barabarani na kumuuliza tumbo linaendeleaje, na yeye akawajibu kwamba linaendelea vizuri, yaani vibaya, na wote wakacheka.

Ndipo likaja suala la Lugovi.

Lugovi ni nchi ndogo inayopakana na hiyo yetu. Haina kitu cha kuonewa wivu isipokuwa bonde moja lenye rutuba, na chini ya bonde hilo madini ambayo Dola la Theluji liliyaona kwenye picha zake za angani kabla Walugovi hawajayajua. Jeshi la Theluji likaingia bondeni kwa kile lilichokiita mazoezi ya wiki mbili. Sasa ulikuwa mwezi wa tisa, na wanajeshi walikuwa bado hawajatosheka na mazoezi. Wenyeji walihamia vilimani, wakawa wanalala makanisani na misikitini na kutazama mashamba yao kutoka juu. Likaandikwa azimio la kutaka jeshi hilo liondoke. Dola la Ng'ambo likaliunga mkono kwa nguvu zote, kwa kuwa na lenyewe lilikuwa na picha za angani.

Balozi wa Lugovi katika Baraza alikuwa mama mmoja aitwaye Eufrasia Kihwele, na huyo hakuwa mtu baki kwa Ntembo. Miaka hamsini nyuma, nchi hiyo yetu ilipigana yenyewe kwa yenyewe, katika vita ambavyo vitabu vyake vya shule vinaviita Kipindi cha Marekebisho. Ntembo alikuwa na miaka minane. Mama yake, Bi Mwanaidi, alimbeba mgongoni akavuka naye mto, wakatokea Lugovi hawana hata kijiko. Mwanamke wa kwanza waliyemkuta shambani hakuwauliza walikotoka. Aliwaambia waingie ndani, nje kuna jua. Wakakaa kwake miaka mitatu. Mwanamke huyo ndiye aliyemzaa Eufrasia, na watoto hao wawili walikula sahani moja, wakagombana, wakapatana, wakaitana kaka na dada mpaka leo, hata kwenye barua za kibalozi, jambo ambalo makarani walilisahihisha kila mara.

Siku mbili kabla ya kura, Eufrasia alimkuta Ntembo katika mgahawa wa Baraza. Akavuta kiti, akakaa, akawa anazungusha kijiko katika kikombe kisicho na sukari.

"Kaka Faraji, nimehesabu," alisema. "Wanaotuunga mkono sitini na mmoja. Wanaotupinga sitini na mmoja. Wewe sijakuhesabu."

"Kwa nini hukunihesabu?"

"Nimeona haya kukuhesabu kabla sijakuuliza."

Ntembo akatazama meza. Kila mtu katika jengo lile aliujua ugonjwa wake. Walinzi wenyewe walikuwa wakimfungulia mlango kabla hajajishika tumbo. Lakini Eufrasia alikuwa amekuja Barazani mwaka huohuo, na kama alisikia watu wakinong'ona, hakuonyesha.

"Sitaki ufikirie nakudai ukarimu wa mama," Eufrasia akaendelea. "Mama alishasema, aliyekula amekula, yamekwisha. Nakuuliza kama ningemuuliza mtu yeyote. Ukisikia nchi yako inaitwa, utakuwepo?"

"Nitakuwepo, dada."

"Na utasema nini?"

"Nitasema ndiyo."

Tusimsingizie. Aliposema hivyo alikuwa anasema kweli. Alirudi ofisini kifua mbele, akawapita walinzi bila kujikunja, na kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi akaona njaa ya kweli. Kisha akampigia Waziri.

Mheshimiwa Ng'habi alimsikiliza mpaka mwisho, akakohoa kidogo, ishara kwamba hotuba inaanza.

"Balozi, keshokutwa saa nne asubuhi Mheshimiwa Rais atazindua reli ya Theluji. Saa nane mchana atapokea ndege za kivita za Ng'ambo. Kati ya saa nne na saa nane, ndugu yangu, nchi hii haina maoni. Baada ya saa nane tunaweza kuwa na maoni kidogo, kuhusu hali ya hewa."

"Mheshimiwa, watu hawa walitulisha."

"Na tuliwashukuru! Sikukuu yao ya uhuru hatukuwapelekea kadi?"

"Mimi nimelala kwao miaka mitatu."

"Mimi miwili," alisema Waziri, na sauti yake ikapoteza hotuba kwa muda mfupi. "Nimekula ugali wao miaka miwili, Ntembo. Kaka yangu amezikwa kwao. Umewahi kunisikia nikilitaja hilo? Basi." Halafu akakohoa tena. "Taifa linaloinuka haliangalii chini. Linda tumbo, Balozi."

Ntembo hakujibu ndiyo wala hapana. Aliweka simu chini akajiambia kwamba hakuahidi kitu kwa Waziri, na kwamba ahadi yake ilikuwa ile moja ya mgahawani.

Siku ya kura ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Eufrasia alivaa kitenge cha kijani, akakaa mbele, mikono mapajani kama mtu anayesubiri jina lake liitwe hospitali. Balozi wa Theluji alikuwa akisoma gazeti. Balozi wa Ng'ambo alikuwa akimtabasamia kila mtu kwa zamu. Kabla majina hayajaanza, Eufrasia aligeuka nyuma, akamtafuta Ntembo kwa macho, akamwona, akatikisa kichwa taratibu, kama anayeitikia. Naye akamtikisia.

Mwenyekiti akaanza kuita. Ndiyo. Hapana. Ndiyo. Hapana. Huku na huko viti vilikuwa vikisogezwa polepole na watu wakitoka kwa ncha za viatu, lakini Ntembo hakuwatazama. Zikabaki nchi tatu kabla ya yake. Mlinzi akafungua mlango kwa mazoea. Ntembo akabaki kitini. Mlinzi akamkonyeza, akidhani amesahau. Zikabaki mbili. Jasho likamtoka mgongoni, lakini akabaki, na akahisi kitu kama furaha kikimpanda kooni. Ikabaki moja. Kwa miaka sita hajawahi kuisikia nchi ile ikiitwa. Hakujua hata kwamba balozi wake ana kigugumizi. Yule mtu akahangaika na neno lake, akalitoa. Mwenyekiti akashusha kidole kwenye orodha, akavuta pumzi ya kutamka jina.

Ntembo akasimama.

Hakuna aliyemsukuma. Hakuna aliyemtazama vibaya. Hilo ndilo alilolikumbuka baadaye kuliko yote. Miguu ilijua njia, mikono yote miwili ilijua tumbo lilipo, na aliposhtuka alikuwa mlangoni na nyuma yake sauti inasema, "Hayupo."

Alipoingia chooni hakupata nafasi. Walikuwamo watu kumi na mmoja. Alikuwamo balozi wa nchi ya mafuta, na wa nchi ya shaba, na wa nchi yenye mchele mwingi, na wa ile inayotengeneza simu, wote wanaume wazima wenye suti nzuri, wote wa mataifa yanayoinuka. Hakuna aliyekuwa akijisaidia. Wawili walikuwa wakitengeneza tai zao mbele ya kioo kimoja. Mmoja aliegemea ukuta akisoma maandishi yaleyale ya kwenye bomba ambayo Ntembo aliyadhani ni yake peke yake.

"Leo kuna foleni," alisema balozi wa shaba bila kumtazama mtu.

"Hali ya hewa," alisema wa mchele.

Kipaza sauti kilichokuwa juu ya mlango kikaendelea kusema ndiyo na hapana mpaka majina yakaisha. Kikanyamaza. Kisha mwenyekiti akasoma: "Waliosema ndiyo, sitini na mmoja. Waliosema hapana, sitini na mmoja. Ambao hawakuwepo, kumi na wawili. Azimio limekosa kura moja. Limeanguka."

Wote kumi na wawili wakanawa mikono. Walinawa muda mrefu, kama madaktari. Mtu mmoja akasema kwa upole kwamba maji ya jengo hili ni mazuri sana. Kila mmoja alijua kwamba ile kura moja ingeweza kuwa yake, na kila mmoja akapata nafuu kwamba walikuwa wengi. Ntembo peke yake hakuipata nafuu hiyo, kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyeahidi.

Saa sita mchana akapiga balozi wa Theluji kushukuru. Saa saba akapiga wa Ng'ambo. Alisikitika, lakini akasema walikuwa wameogopa angesema hapana, kwa hiyo na wao wanashukuru. Saa saba u nusu mlango ukagongwa, akaingia Eufrasia na chupa ya chai chini ya kwapa.

Ntembo alisimama. Alikuwa amejiandaa kutukanwa. Kusema kweli alikuwa akilitamani tusi lile.

"Kaa, kaka, usisimame," alisema Eufrasia, akimimina. "Nimekuletea tangawizi. Nilikuona ulivyotoka umejikunja. Watu pale nje wananiambia eti ndiyo kawaida yako, eti ni mchezo wenu. Nimewaambia, nyinyi hamumjui Faraji. Faraji aliniahidi. Akitoka, ujue ameugua."

Akampa kikombe. Ntembo akakipokea kwa mikono miwili. Chai ilikuwa kali, ilimchoma ulimi, na akaimeza hivyo hivyo.

"Nimempigia Rais wetu," Eufrasia akaendelea. "Nimemwambia jirani hakutukimbia. Na sikiliza, kaka, nimepekua kanuni. Kanuni ya arobaini. Mjumbe aliyekosa kura kwa ugonjwa wa ghafla anaweza kuandika barua kabla ya kikao kinachofuata kufunguliwa. Barua, na cheti cha daktari. Kura yake inahesabiwa kama alikuwepo. Kikao kinafunguliwa saa kumi." Akatazama saa yake. "Ni mistari miwili tu. Barua nimeiandika mimi, wewe weka sahihi. Cheti tutapata wapi kwa haraka hii?"

Vyeti mia moja sitini na tisa vilikuwa katika mtoto wa meza, mbele ya goti la Ntembo. Vilikuwa vimegongwa muhuri. Vilihitaji tarehe.

Alitazama barua. Ilikuwa imeandikwa kwa adabu, haina hata neno moja la kulaumu. Alitazama simu. Aliona reli, akaona ndege, akamwona Waziri akikohoa. Akatafuta mlango wa kutokea, na mlango aliouona ulikuwa mmoja tu, nao, ajabu ya mambo, ulikuwa ukweli.

"Dada," alisema, "sikuwa mgonjwa."

Eufrasia akabaki ameshika kalamu.

"Sikuwa naumwa chochote," Ntembo akasema tena, na maneno yakamtoka upesi, karibu kwa raha. "Kanuni inasema ugonjwa. Mimi sikuwa nao. Siwezi kusaini uongo, dada. Si haki."

Alikuwa amedanganya mara thelathini na mbili mbele ya dunia nzima, na siku ile, mbele ya mtu mmoja, alichagua kusema kweli, kwa sababu siku ile kweli ndiyo iliyokuwa rahisi. Alilijua hilo wakati maneno yangali mdomoni. Eufrasia alilijua pia. Alimtazama kwa muda, si kwa hasira, bali kama mtu anayejaribu kukumbuka mahali alipoacha kitu.

"Maliza chai," akasema hatimaye. "Itapoa."

Akaikunja barua yake, akaitia mkobani, akatoka. Chupa aliiacha.

Wizara, ilipopata habari kwamba Balozi alikataa katakata kusaini hati ya uongo, ilitoa waraka wa siri wa kusifu uadilifu wake, na Waziri akawahutubia watumishi juu ya jambo hilo kwa saa mbili. Jeshi la Theluji likatangaza kwamba mazoezi yataongezwa muda.

Jumapili iliyofuata, asubuhi, Bi Mwanaidi alimpigia mwanawe. Alikuwa na miaka themanini na mbili na aliongea na simu kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto.

"Nimesikia redioni Walugovi wamekosa kura moja," alisema. "Sikuweza kula. Nikampigia Eufrasia kumpa pole."

Ntembo akakaa kitandani.

"Nikamwambia, mwanangu, na huyu Faraji je? Akanyamaza, nikadhani simu imekatika. Kisha akaniambia, 'Mama, Faraji alisema ndiyo. Wengine ndio waliotukimbia.'" Bi Mwanaidi akavuta pumzi. "Nimelia, baba. Nimewaambia majirani wote. Imamu amekuombea dua mbele za watu. Nimemwambia hata yule mama yake Eufrasia, Mungu amrehemu, nimemwambia huko kaburini aliko, kwa sauti yangu hii: yule uliyemlisha hakukuangusha."

Ntembo alifungua mdomo. Hapakuwa na mwenyekiti, wala orodha, wala mlinzi wa kumfungulia mlango.

"Faraji, unanisikia? Kwa hiyo kweli ulisema?"

"Ndiyo, mama."

"Mbele yao wote?"

"Ndiyo," alisema Balozi Ntembo. "Mbele yao wote."